Siku Kumi na Tano za Kulala Mchana

Nimechoka mara nyingi maishani, lakini uchovu wa mwaka ule Wadachi walipokuwa wakitandika reli kutoka Dodoma kwenda Bahi ulikuwa baba wa uchovu wote. Nilichoka hadi kivuli changu kikawa kinanifuata hatua kumi nyuma, na kikipita penye kivuli cha mti kinajilaza humo, mimi naendelea peke yangu.

Wala kazi yangu haikuwa ya sururu. Nilikuwa karani wa majina. Kambini palikuwa na mwalimu mmoja wa misheni aliyefungua shule ya jioni chini ya turubai, kwa yeyote ambaye vidole vyake viliweza bado kushika chaki baada ya kushika koleo kutwa. Tulianza arobaini, tukahitimu watatu. Wengine walisinzia juu ya vibao vyao, na mmoja, naapa, alikuwa akikoroma a, e, i, o, u kwa utaratibu wake. Nilipohitimu, kichwa kilinivimba hata mlango wa tembe la baba usingenipitisha. Bwana wa kambi alikuwa akitafuta mtu anayesoma mwandiko na mwenye sauti ya kufika mbali. Sauti nilikuwa nayo. Nikiita Bahi, ndege waliruka Kilimatinde. Basi nikapewa daftari.

Kila alfajiri chuma kilichotundikwa mtini kiligongwa, watu wakajipanga katika upepo wetu ule unaokata masikio, nami nikaita. Aliyeitwa alijibu "Hapa!" akainua kipande chake cha kazi. Asiyejibu, amri ilikuwa nimrudie mara tatu, kisha niweke alama. Na jina halikufutwa mpaka Jumamosi, Bwana alipokaa mwenyewe na kalamu yake. Sheria hiyo kwenye karatasi ni nyepesi. Mdomoni ni nzito. Maana yake mtu akifa Jumapili kwa kuhara damu, mimi niliyemwona akiviringishwa kwenye mkeka nilipaswa kumwita Jumatatu mara tatu, Jumanne mara tatu, hivyo hivyo hadi Jumamosi, na kila mara ninyamaze kidogo kama mtu anayesubiri jibu.

Homa ya mabwawa ilikuwa kali mwaka ule. Kuhara damu kulikuwa kukali zaidi. Na siku moja ukingo wa shimo la kokoto uliporomoka ukawafunika watu waliokuwa wamekaa chini yake wakila viporo. Mstari ukaanza kuwa na mapengo, na mapengo yale ndiyo niliyokuwa nikiyaita. Asubuhi moja niliita jina la mtu ambaye mimi mwenyewe nilimshika miguu kumpeleka makaburini. Nikarudia. Nikarudia tena. Kutoka nyuma ya mstari sauti ikajibu, kwa upole kabisa:

"Unamtaka nini tena?"

Siku ile sauti yangu ilikufa. Haikukwaruza, haikupungua, haikutoka tu. Nilifungua mdomo mbele ya watu wote wale nikawa kama kambare wa Bahi bwawa linapokauka. Bwana kwanza alininusa kinywa akidhani ni pombe. Siku ya tatu aliniita na mkalimani wake, naye mkalimani, mtu wa pwani aliyependa kunogesha kila anachofasiri, akaniambia:

"Bwana anasema wewe ni shoka lililobutuka. Shoka halitupwi, hupelekwa kunolewa. Nenda kwenu siku kumi na tano. Lala. Kula. Urudi na sauti. Usiporudi, utafuatwa."

Nikapewa karatasi yenye mhuri ili askari wasinikamate njiani kama mtoro. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza katika nchi yote ya Ugogo kuamriwa na serikali alale.

Nilitembea siku mbili, nikapita Dodoma, nikafika kwetu Msalato jua likiwa limeinama. Njia nzima sauti ilikuwa ikinirudia kidogo kidogo, kama mbuzi aliyepotea anayeona haya kurudi, na nilipofika uani niliweza kusema "Mbukwa", salamu yetu, kwa mnong'ono. Baba alitoka akiwa ameinama chini ya paa. Alikuwa amekonda. Zizi lilikuwa limekonda zaidi. Sotoka ilikuwa imepita kwa ng'ombe wetu, na kilichobaki kilikuwa ng'ombe mmoja jike, mwekundu mwenye paji jeupe, pamoja na kondoo kama saba na mbuzi wasiotoa hata tone.

Mama alikuwa ameketi na mtoto mchanga mapajani, akimnywesha maziwa kwa kibuyu kidogo kilichochongwa mdomo. Ndipo nikajua kwamba dada yangu hayupo. Alikufa akijifungua, miezi minne ilikuwa imepita, na hakukuwa na mtu wa kuniletea habari. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko pwani, hakujua hata kwamba amekuwa mjane.

Nililia. Mama hakulia, alikuwa ameshamaliza yake. Alinisogezea mtoto nimwone. Msichana, macho makubwa, mashavu yamejaa, ananyonya kibuyu kwa bidii kama mnyapara aliyechelewa.

"Huyu anaishi kwa ng'ombe yule," mama alisema akimnyooshea kidole yule mwekundu. "Uji nimejaribu, tumbo lake halitaki. Ng'ombe yule akilala, huyu naye amelala. Basi usije ukamtisha ng'ombe wangu kwa viatu vyako vya kizungu."

Nikavua viatu.

Sasa sikilizeni shida ya kupumzika kwetu. Mgogo mtu mzima halali mchana. Anayelala mchana ni mgonjwa, au amefiwa, au amejifungua. Mimi siku ya kwanza nililala tangu mapambazuko hadi ng'ombe kurudi. Siku ya pili nikaongeza. Siku ya tatu shangazi yangu, dada wa baba, aliingia. Huyo alikuwa na ulimi ambao ungeweza kuchuna ng'ombe bila kisu.

"Nani amekufa?" aliuliza akiwa bado mlangoni. "Mbona sikuambiwa?"

"Hakuna tena aliyekufa, shangazi."

"Basi mbona umelala jua likiwa limesimama? Umezaa?"

"Nimechoka, shangazi."

"Umelima wapi?"

"Sikulima."

"Umechunga?"

"Sikuchunga."

"Umebeba mizigo ya Wazungu?"

"Nilikuwa nasoma majina."

Shangazi akamgeukia mama. "Wifi, mwanao amechoshwa na mdomo! Mimi huu wangu nimeutumia tangu sijaota meno, mbona haujachoka?"

Mama alicheka, lakini aliona aibu. Kuwa na mtoto mvivu ni aibu ya mama. Kwa hiyo, ili kulinda jina langu, alianza kuwaambia watu kwamba ninaumwa. Na mgonjwa kwetu haachwi peke yake. Walikuja. Walikuja wa Msalato, wakaja wa ng'ambo ya korongo, nadhani walikuja hata waliokuwa bado hawajazaliwa. Kila mmoja alinikuta nimelala, akaniamsha ili kuniuliza kama ninapata usingizi. Kila mmoja alikaa. Mama akawapikia ugali wa uwele na mlenda ambao ulikuwa wa kutufikisha masika. Katika siku tano za kupumzika nilichoka kuliko mwezi wa kuita.

Baba hakuwa akisema. Alikuwa mtu wa kuchonga mipini ya majembe, na alisikiliza akiwa anachonga. Siku ya sita alikuja kuketi kando ya ngozi niliyolalia.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, baba. Nimechoka tu."

"Uchovu hulala na mtu usiku, asubuhi ukabaki kitandani. Wako unaamka nawe. Huo si uchovu. Huo ni mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe ndiye unayewajua. Mama yako amekusikia. Ukilala mchana unaita watu."

Sikujua. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Mama akaitikia kwa kichwa, mtoto akiwa begani kwake. Alisema naita kwa sauti kubwa, ile ya zamani, isiyo ya mnong'ono, kila jina mara tatu, na kati ya jina na jina nanyamaza kama ninayesubiri. Alisema kwamba mara ya kwanza alitoka nje kutazama kama wamefika.

Basi nikawaeleza. Jioni ile watu walikuwa wengi uani, shangazi akiwa mbele, na mimi mhitimu wa shule ya jioni nilikuwa sijawahi kupata wasikilizaji wa namna ile. Niliwaeleza kengele ya chuma, na upepo, na kalamu ya Jumamosi. Niliwaeleza shimo la kokoto. Nilipoanza, sauti ilikuwa ya kunong'ona. Nilipofika katikati ilikuwa inapanda, na macho yao yakawa yanapanda pamoja nayo, na mimi nikitazamwa hivyo huwa sijizuii, hata leo. Baba akauliza:

"Hao unaowaita, walikufa wangapi?"

"Mia tatu!" nikasema.

Uani kukawa kimya. Shangazi alishika kinywa. Hapo ndipo ningesema, basi jamani, natia chumvi. Lakini kimya kile kilikuwa kitamu. Kwa siku sita nilikuwa mvivu aliyechoshwa na mdomo, na sasa nilikuwa mtu aliyebeba wafu mia tatu mgongoni kutoka Bahi. Asubuhi yake shangazi alikuwa ameshaisambaza hesabu ile Msalato nzima, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini nimelala.

Baba alikwenda kwa mganga peke yake. Alirudi siku iliyofuata, akaketi, akanywa maji, akatuambia mimi na mama kile alichoambiwa. Mtu aliyekufa mbali na kwao, asiyeliliwa, akiitwa kwa jina lake humfuata aliyemwita. Hana pengine pa kwenda. Hao walinifuata hadi uani petu, wanangoja kupewa chakula, wakishapewa wataondoka.

"Mganga aliniuliza idadi," baba alisema. "Alisema wangekuwa wachache, watu wa kutosha kukaa katika ua mmoja, kondoo mweusi angetosha. Nikamwambia mia tatu. Akasema watu mia tatu hawali kondoo. Ni dume la ng'ombe, jeusi lisilo na doa."

Kondoo mweusi tulikuwa naye. Alikuwa amesimama pale pale, karibu na nguzo ya zizi, akitafuna kamba yake. Nakumbuka hata sikio lake lilikuwa limepasuka.

"Dume jeusi tutalitoa wapi?" mama akauliza, ingawa nadhani alikuwa ameshajua.

"Mzee wa ng'ambo ya korongo analo. Hataki kondoo, ana kondoo wengi. Atalitoa kwa yule mwekundu, na atatuongezea mbuzi wawili juu."

"Na huyu atakunywa nini?"

"Mbuzi..."

"Mbuzi gani mwenye maziwa kiangazi hiki? Umemwona wapi?"

"Mvua haiko mbali. Ng'ombe wa watu watarudi kutoka malishoni, tutaomba maziwa. Mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja! Mtoto wa miezi minne umwambie asubiri mwezi mmoja?"

Baba akasema polepole, wala hakuwa na ukali hata kidogo, "Huyo ni wa binti yako. Na huyu ni mwanao. Mimi sitachagua. Chagua wewe."

Mama akanitazama. Nilikuwa nimelala kwenye ngozi, uso wangu umeelekea upande wake.

Nikafumba macho.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile, na baadhi zinapendeza. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba mizimu haili, kwa hiyo nilijiambia kondoo au ng'ombe ni mamoja, si kazi yangu kumfundisha baba. Nilijiambia kwamba mvua kweli haiko mbali. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, baba ataonekana mjinga mbele ya mganga. Lakini kilichonifumba macho kilikuwa shangazi. Nilimwona akiingia mlangoni akisema: mia tatu wako wapi, mchovu wa mdomo? Kwa ajili ya cheko moja la shangazi nikanyamaza.

Mama alisema, "Basi mpeleke."

Ng'ombe mwekundu akaondoka asubuhi, akageuka mara moja kwa sababu hakuzoea kutoka bila mama. Dume jeusi likaja. Lilikuwa zuri, jeusi kama sufuria. Lilichinjwa kwenye kaburi la babu, pombe ikamwagwa, baba akaita wafu wale waje kula, na kwa kuwa hakujua majina yao alinitaka mimi niwaite. Nikaita. Nilianza na wa kwanza, nikaendelea, na watu wakasikiliza. Nilipofika mwisho wa ninaowajua, nilikuwa sijafika popote karibu na mia tatu. Nikaongeza. Niliita majina ya kubuni, majina ya watu walio hai kambini, jina la mtu aliyeniuzia viatu. Hakuna aliyehesabu, isipokuwa mama. Nilimwona vidole vyake vikitembea kwenye mgongo wa mtoto, kimoja kimoja, kisha vikasimama.

Nikafungwa ukanda wa ngozi ya lile dume mkononi, nikala nyama, nikalala.

Na hili ndilo linaloniudhi zaidi katika habari hii yote: dawa ilifanya kazi. Nililala usiku mzima na mchana wake, nisiite mtu. Niliamka mwili mwepesi kama pamba, nikaimba. Sauti yangu ilirudi yote, na nyongeza. Nilikula kama nzige. Shangazi alipita akasema, "Eh! Wamekwisha kuondoka, mashavu yamerudi!" na kwa kweli mashavu yalirudi, ila hayakuwa ya yule ambaye ningetaka yamrudie.

Mtoto alipewa uji mwembamba wa uwele. Alitapika. Mama akauchuja kwa kitambaa, akatapika tena. Akahara. Mbuzi wawili tuliopewa walikuwa wakavu kama magome. Nilichukua kibuyu nikazunguka Msalato nyumba kwa nyumba nikiomba maziwa, na kila nyumba waliniambia jambo lile lile, kwamba ng'ombe wameshuka mabwawani Bahi kufuata majani. Nyumba moja walinipa yaliyojaa kiganja. Nilikimbia nayo, sikumwaga hata tone, na nilipofika mtoto alikunywa, akanitazama kwa macho yale makubwa. Kesho yake nyumba ile haikuwa nayo. Siku mbili za kwanza alilia. Siku ya tatu alikuwa akikunja uso tu kama anayelia, lakini hakukuwa na kitu kinachotoka.

Siku ya kumi na moja tangu nifike nyumbani nilimfuata baba alikokuwa akichonga mpini.

"Baba. Hawakuwa mia tatu."

Aliendelea kuchonga. "Walikuwa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Pamoja na wale wa shimo la kokoto?"

"Pamoja nao."

Hapo sizidishi wala sipunguzi. Kumi na wanne, na ninaweza kuwataja mpaka leo, ila hapa sitawataja. Wameitwa vya kutosha.

Baba aliinua mpini akautazama kwa jicho moja kuona kama umenyooka. Haukuwa umenyooka. Aliuweka chini.

"Kondoo alikuwa anatosha," alisema.

Nilingoja anipige. Ningefurahi kama angenipiga. Alichukua fimbo yake akavuka korongo, kumwambia mzee yule kwamba palikuwa na kosa, kwamba tutamlipa dume lake mwaka hadi mwaka, atuachie ng'ombe, au tu atukubalie kuja na kibuyu asubuhi na jioni. Alirudi jua likiwa utosini.

"Mzee ana huruma," alisema. "Angetupa. Lakini ng'ombe hayupo."

Kila mwenye ng'ombe kwetu anajua desturi hii: huweki mifugo yako yote zizi moja. Unamkabidhi rafiki huyu watatu, yule wawili, ili ugonjwa ukija, au jicho baya, au watu wa boma, wasikukute na vyote. Mzee yule alikuwa amemtoa ng'ombe wetu siku ile ile ya kumpokea, akampeleka kwa rafiki yake Bahi, kwenye majani. Alifanya kama mtu mwenye akili angefanya. Baba mwenyewe angefanya hivyo.

Mama alisikiliza akiwa anamfunga mtoto mgongoni kwa ngozi. Hakuniuliza chochote juu ya hesabu. Alikuwa ameijua tangu kaburini.

"Bahi si mwisho wa dunia," alisema. "Kama ng'ombe amekwenda Bahi, na miguu yangu inafika Bahi. Twende."

Baba alisema neno moja tu: "Nendeni." Alibaki kwa sababu ya mbuzi na kondoo, na kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa haufiki tena mbali.

Tuliondoka mchana ule ule. Mimi nilikuwa na nguvu za kubeba mlima; nilimwambia mama anipe mtoto nimbebe, akakataa. Nikabeba maji na unga. Tulilala karibu na Dodoma. Asubuhi, penye nyumba za wafanyabiashara, mama alisimama kwenye mlango mmoja akaomba. Mwanamke wa Kiislamu, mke wa mwenye duka, alimtazama mtoto mara moja tu, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa ya mbuzi ya moto. Hakutaka kusikia habari yoyote. "Mnyweshe, mama, mnyweshe taratibu," alisema, akakaa chini naye vumbini pale pale amshikie kikombe. Mtoto alimeza mara tatu. Mengine yalitokea pembeni mwa mdomo, yule mwanamke akayafuta kwa ncha ya kanga yake, akafuta tena na tena hata yalipokuwa yamekwisha.

Tukafuata tuta la reli. Mchana ule nilizungumza sana. Nilimwambia mama kwamba Bahi maziwa yanamwagwa kwa kukosa vibuyu, kwamba watoto wa huko wananenepa hata wanashindwa kugeuka, kwamba ng'ombe akimwona atalia kwa furaha. Mama alikuwa akisema "Eeh," na kutembea. Tulipolala, mtoto alikuwa bado anapumua. Nilikuwa naweka kidole chini ya pua yake.

Asubuhi iliyofuata tuliona mbele yetu, chini mbali, kijani cha mabwawa na vumbi la mifugo linaloinuka. Nilisema, "Mama, tazama, wale pale!" Mama alisimama. Alilegeza ngozi, akamleta mtoto mbele, akamtazama kwa muda. Kisha akaketi chini.

Kwa mara moja maishani sikuwa na la kuongeza.

Jua lilipanda. Nilisema tumzike, nitachimba, nina mikono. Mama alisema hapana. Alisema hapa si kwao, hamjui mtu hapa, hataki alale mahali ambapo hakuna wa kumjua. Atamrudisha alale karibu na mama yake. Nikasema basi nitarudi nao.

"Ruhusa yako imebaki siku ngapi?"

"Hii ya leo tu."

"Usiporudi watakufuata mpaka nyumbani, wamchukue baba yako badala yako. Nenda."

"Mama, siku mbili peke yako, na huyu..."

"Nimembeba tangu azaliwe. Amekuwa mzito leo?"

Nilimpa unga wote na maji yote. Aliyachukua. Niliinama mbele yake nikitaka aniambie neno, hata la kunilaani, naye akaweka mkono kichwani pangu kama anavyomwekea mtu yeyote anayeaga safari, akauondoa. Alimrudisha mtoto mgongoni, akafunga ngozi kifuani kwa mafundo mawili, akageuka kuelekea tulikotoka.

Nilibaki juu ya tuta nikimtazama. Alikwenda mwendo wake ule ule, haukuwa wa haraka wala wa polepole. Alipokuwa amekwisha kuwa mdogo, alisimama, akainama kidogo, akamrusha mtoto juu mgongoni na kukaza ngozi, kama mama afanyavyo mtoto anapolala akateleza. Kisha akaendelea.